Kuvua ni Usiku Mmoja, Kuanika Ndiyo Kazi

Vuteni mkeka, wa chai achukue chai, wa kahawa achukue kahawa. Yule shoga yangu wa Mwanga ambaye kila wiki ananisihi niandike habari za ndoa tu, leo anisamehe. Leo tunakwenda uwanjani. Ila asiondoke, maana ndani ya habari hii mna mama, mjomba na mchumba aliyenuna, kwa hiyo ndoa haiko mbali.

Barua imetoka Ujiji. Aliyeiandika ana miaka 19, anacheza kiungo, na jina lake nalificha kama alivyoniomba. Nimeifupisha kidogo, kwa kuwa alianza kunisimulia mechi zake tangu darasa la tano.

"Shikamoo dada. Mimi nacheza namba nane, kocha akikosa mtu nashuka sita. Nimekulia mchangani hapa hapa Ujiji. Mwezi uliopita timu ya mkoa mwingine iliniona kwenye ndondo za mtaani, sasa wameniletea mkataba wa miaka mitano na wanataka nisaini Jumamosi kabla dirisha la usajili halijafungwa. Wakati huohuo kuna bwana mmoja anasema ni wakala, atanipeleka majaribio Ulaya, ila nimtangulizie laki nane za pasi ya kusafiria na viza. Tena anasema tupunguze umri nisomeke miaka 16, Ulaya wanapenda watoto. Mjomba anataka niende na wakala. Mama anataka nimalize kwanza ufundi VETA. Mchumba wangu haongei, amenuna tu. Dada, nishike lipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujashika lolote, kaa nikupe habari za mama yangu.

Mimi nimelelewa na dagaa. Mama alikuwa mwanikaji kwenye mwalo wa Katonga. Mitumbwi inatoka jua likizama na taa zake, usiku kucha ziwa linawaka kama mji wa pili, alfajiri wanarudi. Mama ananunua kwa beseni, anamwaga mchangani, anawatandaza kwa mkono, jua likipanda anawageuza. Sisi watoto kazi yetu kufukuza kuku na kunguru. Mvua ikitushtukiza, tulikuwa tunakusanya huku tunalia, kwa kuwa beseni likilowa mara mbili hakuna anayelitaka. Baadaye akajiunga na wenzake wakajenga vichanja, wavu juu ya miti, dagaa wakawa hawagusi mchanga. Jamani, bei ikabadilika! Dagaa wale wale, wa ziwa lile lile, waliovuliwa na mvuvi yule yule. Mnunuzi wa Dar es Salaam akitafuna akakuta mchanga, anakupa bei ya mchanga.

Mama alikuwa na neno lake, akilisema kila tulipochoka: kuvua ni usiku mmoja, kuanika ndiyo kazi.

Kipaji chako, mdogo wangu, ni dagaa mbichi. Wamekwisha kuvuliwa, na waliokuona kwenye ndondo wamelithibitisha hilo. Unaloniuliza mimi ni la kuanika.

Na kwa kuvua, Kigoma hatujawahi kulala njaa. Sisi wa mwisho wa reli tunajulikana kwa vitu vitatu: dagaa, mawese na watoto wenye miguu. (Cha nne wanachotusingizia ni ndumba. Mtu akitoka Kigoma akifunga mabao mawili, Dar wanauliza kamati ya ufundi imekaa wapi. Waache waulize, wewe fanya mazoezi.) Kipa Juma Kaseja ni mtoto wa Kigoma. Mashujaa nao ni wetu. Desemba 2018, ikiwa bado haijafika Ligi Kuu, timu hiyo ilikwenda Dar es Salaam ikaitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa mabao 3-2. Mwaka 2023 ikapanda Ligi Kuu kwa mchujo dhidi ya Mbeya City, na sasa wakubwa wote wanapanga foleni kuja kucheza uwanja wa Lake Tanganyika.

Uwanja huo ndio ninaotaka tuanzie. Tarehe 25 Julai 2021 ilichezwa hapo fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga. Wewe ulikuwa mtoto, lakini najua ulikuwepo, kama si ndani basi juu ya mti. Unakumbuka aliyefunga? Hakuwa mshambuliaji. Alikuwa Taddeo Lwanga, kiungo mkabaji kutoka Uganda, mtu wa kazi chafu ambaye wengi hawakuwa wakiimba jina lake. Kona ikapigwa, akainuka, kichwa, moja bila, kombe. Na unakumbuka aliyetolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko? Mukoko Tonombe wa Yanga, naye kiungo, na kiungo hodari kwelikweli. Viungo wawili, uwanja mmoja, alasiri moja. Mguu haukuwatofautisha siku ile. Kilichowatofautisha ni kitu cha sekunde moja, cha kichwani.

Basi na wewe Jumamosi una sekunde yako. Twende nayo polepole.

Bwana wa laki nane

Huyu nimmalize mapema, chai yangu isipoe.

Wakala wa wachezaji ana leseni ya FIFA. Tangu kanuni mpya zilipoanza kazi mwaka 2023, anafanya mtihani ndipo anapewa leseni, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye mtandao wa FIFA. Chukua simu yako hiyohiyo ya kuangalia mabao, andika jina lake, tafuta. Asipokuwemo, mazungumzo yamekwisha. Akiwemo, bado hujamaliza: mkataba wake na wewe uwe wa maandishi, na usizidi miaka miwili. Malipo yake yanatoka kwenye kazi aliyokupatia, kwa asilimia. Anayetaka chake kabla hajakupatia kitu, mwulize klabu gani inakualika, akupe barua yenye jina la klabu, tarehe na nani analipa nauli. Kisha wewe mwenyewe, si yeye, iandikie klabu hiyo na uulize TFF, shirikisho letu la mpira. Mwamba ngoma huvutia kwake, na huyu ngoma yake inalia laki nane.

Hilo la kupunguza umri sasa. Mdogo wangu, nilipolisoma nilicheka, kisha nikakasirika. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na ya kwako haimo. Maana yake nini? Leo una miaka 19, mlango wa nje uko wazi kwako kisheria. Ukijiandika 16, umeufunga mwenyewe kwa miaka miwili! Bwana huyo ama hajui kazi yake, ama anajua kwamba hakuna safari yoyote.

Tunaye mfano wa kwetu kabisa. Nestory Irankunda alizaliwa hapa Kigoma mwaka 2006, katika familia ya Kirundi iliyokimbia vita, akakulia Australia. Bayern Munich walimalizana na klabu yake Adelaide United mwishoni mwa 2023, kijana akiwa na miaka 17. Wakasubiri. Akahamia Ujerumani katikati ya 2024 alipokwisha kutimiza 18. Ikiwa Bayern na utajiri wao wote walisubiri siku ya kuzaliwa, bwana wako wa laki nane ana njia gani ya mkato?

Na uongo wa umri haufi. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana iliondolewa kwenye mashindano ya Afrika kwa suala la umri wa mchezaji. Kosa la mmoja, adhabu ya wote. Wewe tafuta cheti chako cha kuzaliwa cha kweli, tafuta kitambulisho cha NIDA, tafuta pasi ya kusafiria yako mwenyewe. Anza sasa, usingoje kuitwa. Tunaishi mpakani, Burundi pale, Kongo ng'ambo ya maji, na mtoto wa Kigoma huulizwa maswali ya uraia ambayo mtoto wa Dodoma haulizwi. Babu yako amezaliwa wapi, nani anamjua, barua ya mtendaji iko wapi. Karatasi hizo zinachukua muda, na klabu nzuri haikusubiri.

Karatasi ya Jumamosi

Hapa ninaongea kwa kidonda, mnisamehe nikirefusha.

Kaka yangu anayenifuata alikuwa kiungo. Alikuwa na pasi moja, anaangalia kulia, mpira unakwenda kushoto, uwanja mzima unasema "aah". Klabu moja ikamtaka. Wakamsainisha juu ya boneti ya gari, na kalamu ya kuazima, injini inaunguruma. Nakala hakupewa, akaambiwa itafuata. Mwezi wa tatu mshahara haukuja, akadai, wakamwambia mkataba wako unasema posho, hausemi mshahara. Ulisema hivyo kweli? Mpaka leo hajui, hana karatasi. Akaumia goti, wakamrudisha kwa treni. Leo anatengeneza injini za boti mwaloni Kibirizi, fundi mzuri, anatunza watoto wake. Lakini redio ikianza kutangaza mpira, yeye hutoka nje.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya dada yako: hakuna karatasi inayosainiwa siku inapoletwa. Ichukue, nenda nayo nyumbani. Anayekukataza kwenda nayo nyumbani amekwisha kukujibu maswali yako yote.

Ya pili, ipeleke kwa wakili. Najua unasema wakili ni ghali. Ulikuwa tayari kutoa laki nane kwa mtu usiyemjua. Mtafute wakili mjini Kigoma akusomee kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo. Kipo pia SPUTANZA, chama cha wachezaji, na chama cha mpira cha mkoa, waulize.

Ya tatu, haya ndiyo ya kuangalia. Muda: miaka mitano ndiyo mwisho unaoruhusiwa na FIFA kwa mkataba wa kawaida, na kwa aliye chini ya miaka 18 ni mitatu. Wamekuletea mitano kwa sababu wameona dagaa wa bei nafuu, wanataka kununua msimu wote. Omba miwili, mkikutana kwenye mitatu si vibaya. Mshahara: uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, unalipwa tarehe ngapi, na unapandaje ukiingia kikosi cha kwanza. Fedha ya kusaini ni kitu kingine, usikubali ichanganywe na mshahara. Nyumba, chakula, nauli ya likizo kuja Kigoma: kisichoandikwa hakipo. Matibabu: ukiumia nani analipa, kwa muda gani, na mshahara unaendelea? Mkataba usiseme kwamba utakuwa halali ukifaulu vipimo vya afya. Wapime kwanza, ndipo msaini. Na kuvunja: ukitaka kuondoka ni kiasi gani, wakitaka kukuondoa ni kiasi gani. Kama cha kwako ni mlima na cha kwao ni kichuguu, rudisha.

Kipengele hicho cha kuvunja kimemtesa mchezaji mkubwa kuliko wewe. Unamjua Feisal Salum, Fei Toto, kiungo wa Zanzibar aliyesajiliwa na Yanga mwaka 2018. Desemba 2022 akiwa bado na mkataba aliamua kuondoka, akaingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu akiamini kwamba kwa kufanya hivyo mkataba umevunjika. Yanga wakakataa. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita kijana hachezi. Na miezi hiyo haikuwa miezi ya kawaida: wenzake walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilifika mpaka Juni, Rais Samia alipowapokea Yanga Ikulu akawaomba walimalize, ndipo Azam wakamnunua. Msimu uliofuata akafunga mabao 19 kwenye ligi, kiungo huyo! Mguu ulikuwa palepale. Nusu mwaka ilikwenda kwa sababu pande mbili zilisoma karatasi moja kwa namna mbili.

Sisemi nani alikuwa na haki, ushabiki wenu nauogopa. Ninachosema ni kwamba Fei Toto alikuwa na jina, na jina lake lilifika Ikulu. Lako litaishia kituo cha treni.

Mambo mawili zaidi, yaandike kwenye daftari. Ukibakiza miezi sita mkataba uishe, unaruhusiwa kuzungumza na kusaini na klabu nyingine. Kabla ya hapo, anayekutaka azungumze na klabu yako. Na ukidaiwa, yaani klabu ikikaa na mishahara yako ya miezi miwili, kanuni za FIFA zinakupa njia: unaandika barua ya kudai, unawapa siku 15, wasipolipa una sababu halali ya kuvunja. Huondoki kwa hasira usiku na begi. Unaandika barua, unabaki na nakala, ukiwa na wakili pembeni.

Jina la klabu halikuchezeshi

Sasa, nakuona umeinama, unasema dada ananikatisha tamaa. Hapana. Nenda kacheze! Ila nenda pale utakapocheza.

Mrudie Irankunda. Kufika Bayern amefika, lakini nafasi ya kikosi cha kwanza ikawa ngumu. Akacheza kikosi cha pili, Januari 2025 akaenda kwa mkopo Grasshoppers ya Uswisi, na mwaka huohuo akahamia Watford, Uingereza. Wapo watakaosema ameshuka. Mimi nasema ametoka kwenye beseni la fedha amekwenda kichanjani, penye jua.

Au mtazame Novatus Dismas, huyu ni kiungo mwenzako. Akademi ya Azam, kisha mkopo Biashara United kule Mara, kisha Israel, Ubelgiji, akacheza Ligi ya Mabingwa wa Ulaya akiwa na Shakhtar Donetsk ya Ukraine, kisha Göztepe ya Uturuki. Angalia orodha hiyo vizuri: kabla ya Ulaya kuna Mara. Na njiani amepangwa hata beki wa kushoto, akacheza. Wewe umeniambia ukiambiwa ushuke namba sita unashuka, nimekupenda hapo. Usije ukaliacha hilo ukipata jina.

Kwa hiyo hao wa mkoa mwingine waulize swali moja tu la mpira: namba sita na namba nane mnao wangapi? Wakisema wanane, umepewa benchi la miaka mitano. Na kabla hujafunga begi, umekwenda kuwaona Mashujaa mazoezini? Timu ya Ligi Kuu iko hapa, unaweza kwenda kwa bodaboda. Mtoto wa ziwani anaweza kufa kiu, jamani?

Ziwa likifungwa

Mnakumbuka mwaka 2024, Mei 15 mpaka Agosti 15? Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu samaki wazaliane. Kibirizi kimya, Katonga kimya. Hapo ndipo tulipojua nani alikuwa na akiba na nani alikuwa na sauti. Kuna mwenye mtumbwi niliyezoea kumsikia akiagiza soda za watu wote, mwezi wa pili alikuja kukopa unga.

Mchezaji naye ziwa lake hufungwa. Goti likigeuka, limefungwa. Kocha mpya asipokupenda, limefungwa. Ukifika miaka 34, kwa wengi limefungwa moja kwa moja. Mtoto wa Kigoma niliyemtaja, Kaseja, mwaka 2003 alikuwa langoni Simba ilipoitoa Zamalek kwa penalti kule Cairo, kijana mdogo. Mwaka 2019, miaka 16 baadaye, akawa langoni Taifa Stars ilipowatoa jirani zetu Burundi kwa penalti. Lakini huyo ni kipa, na makipa huzeeka taratibu kama mkaa wa mti mgumu. Kiungo unakimbia kilomita na kilomita kila mechi, miguu inahesabu.

Basi fanya hivi. Mshahara wa kwanza ugawe kabla haujakugawa. Fungu la mama, fungu lako la kula, fungu lisiloguswa. Waulize klabu kuhusu mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kwa sababu wewe ni mwajiriwa: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na unaokatwa wewe hauzidi nusu yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, nunua daftari. Na ndondo uache. Najua ndondo ndiyo iliyokuonyesha, najua laki moja ya Jumapili ni tamu, lakini ukivunjika kwenye ndondo ukiwa na mkataba wa klabu, hakuna atakayekujua.

Na pumzika. Wavuvi wetu mbalamwezi ikiwaka hawaendi ziwani, taa zao hazishindi mwezi. Wanashona nyavu. Msimu ukiisha, shona nyavu zako: lala, tibu kifundo, rudi kuwasalimia wazee.

Mama, mjomba, na aliyenuna

Mama yako hakukatazi mpira, mdogo wangu. Anakukataza njaa. Umebakiza nini VETA? Kama ni miezi, malizia, au waulize hao wanaokutaka kama mji wao una VETA uendelee jioni. Kaka yangu kilichomwokoa ni ufundi aliousoma kabla, si bao alilofunga baadaye. Mwambie mama hivyohivyo, kwa heshima, umekaa chini, si ukiwa umesimama mlangoni na viatu begani.

Mjomba naye tusimtukane, ni mjomba. Mwombe awepo siku ya kusoma mkataba, akae karibu na wakili. Ila fedha zako zipite akaunti yako, yenye jina lako. Mjomba mwema hataudhika. Akiudhika, mama amwite waongee wakubwa kwa wakubwa.

Mchumba wako amenuna kwa sababu umemweleza habari za Ulaya hujamweleza habari zake. Mwambie ukweli: kambi ni lini, likizo ni lini, utampigia lini, na kwamba huna fedha ya mahari leo. Nawe binti, kama unasoma hapa, dada yako anakupenda kwa hiyo sikiliza: usiache cherehani yako kumsubiri mchezaji. Akirudi akukute na wateja.

Kabla sijafunga, kuna kikaratasi kingine, kutoka kwa binti wa Gungu. Anacheza kiungo, kaka zake wanamcheka, anauliza kama haya ya mikataba yanamhusu. Mwanangu, yanakuhusu kila mstari, na kwako zaidi, kwa kuwa wengi wanadhani msichana anacheza kwa furaha tu halipwi. Kaka zako waambie hivi: Oktoba 2022 Serengeti Girls walicheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakafika robo fainali. Wavulana wetu wanaocheka, mwaka ule Kombe la Dunia waliliona kwenye televisheni. Clara Luvanga mwaka 2023 alisajiliwa na Al Nassr ya Saudi Arabia. Kinachosaini si mguu, ni mkono, na mkono wa msichana nao unashika kalamu.

Haya, kiungo wangu wa Ujiji. Jumamosi wakija, wakaribishe, wape chai. Waambie karatasi iko kwa wakili na jibu watalipata wiki ijayo. Wakisema dirisha linafungwa, waambie wangekuja mapema. Kama wanakutaka, watapiga simu Jumatatu. Kama hawakupiga, walikuwa wanataka saini tu. Kisha niandikie umeamua nini, na usinisimulie tena mechi ya darasa la tano.

Ukisha kusaini, nakala zako ziwe mbili. Moja weka wewe. Ya pili mpe mama aitunze. Yeye anajua kuweka kitu pasipofika mvua.